Mashine Inayolegea Ikidhani Hakuna Mtu

KAMATI YA PHONIE NA MASHINE YA KUTAFUTA NDUGU, KAMINA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMI NA MOJA

Tarehe: Jumamosi, 20 Februari 1999
Mahali: Darasa la sita, shule ya misheni. Mashine na phonie ziko chumba cha pili, mlango wa katikati ukiwa wazi.

Waliohudhuria:
Papa Isaïe Mbuyu, Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mtunza batri
Mzee Kiza Ramazani, Makamu Mwenyekiti, mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu
Fundi Wenceslas Kitwa, aliyekuwa wa telegrafu pale stesheni
Mama Fadhila, mjumbe, muuza vikwembe (vitenge) sokoni, mjane wa mdogo wake Mzee Kiza
Papa Kabongo, mjumbe, mwimbishaji wa kwaya
Séphora Ilunga, Katibu

Asiyehudhuria kwa taarifa: Zakaria, mjumbe. Gari alilopanda limekwama Kabondo-Dianda. Taarifa ililetwa na mtu wa baiskeli, aliyeongeza kwamba Zakaria mwenyewe haonekani kuwa na haraka.

KUMB. NA. 1/11/99: KUFUNGUA

Kikao kiliitishwa saa saba mchana. Kilifunguliwa saa nane kasoro dakika tano. Mwenyekiti alieleza kwamba kuchelewa kulitokana na ufunguo wa darasa kutoonekana, na kwamba umeonekana mfukoni mwake. Alifungua kwa sala. Mzee Kiza alisema Amina wengine wote walipokwisha kumaliza, kwa sauti, kama ilivyo desturi yake.

Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kazi ya Kamati. Tangu vita ianze, kila Jumamosi saa kumi kituo cha Lubumbashi kinatuma kwa phonie, yaani redio ya mawasiliano, orodha ya watu waliofika katika parokia na kambi mbalimbali wakiwatafuta ndugu zao. Mashine, yaani kompyuta yetu, inapokea majina kutoka kwa phonie na kuyaandika, kisha Kamati inatafuta familia hapa mjini na kurudisha jibu. Orodha inafuata herufi, kuanzia A hadi Z, kwa jina la kwanza la mtu.

Aliwakumbusha pia barua ya kituo ya mwezi wa kwanza: mtu atatajwa mara tatu, Jumamosi tatu mfululizo. Asipojibiwa na yeyote, jina linaondolewa na mwenyewe anahamishwa ili apishe wengine. Mama Fadhila alisema hakuna haja ya kumkumbusha yeye barua hiyo, anaijua kwa moyo.

KUMB. NA. 2/11/99: YATOKANAYO: KIFUNIKO CHA KINANDA

Katibu alisoma azimio la kikao cha tisa. Ilikumbukwa kwamba mwezi wa kumi na mbili, orodha ikiwa katikati, Papa Kabongo alibonyeza kitufe kimoja cha kinanda cha mashine ili, kwa maneno yake, aisaidie. Mapokezi yalikatika na majina ya siku ile yakapotea. Kamati ikaazimia kinanda kifunikwe kwa sanduku la mbao lenye kufuli kila wakati wa kupokea. Seremala alilitengeneza vizuri, na tangu siku ile hakuna mkono wa mtu uliogusa kinanda saa ya orodha.

Papa Kabongo aliomba iandikwe kwamba alibonyeza kitufe kimoja tu. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/11/99: TAARIFA YA FUNDI

Fundi Wenceslas alieleza kwamba sasa anajua kwa nini tangu Noeli majina yanakuja mazima kuanzia A mpaka kama I au J, halafu yanakuja vipande, halafu hayaji. Wajumbe walikuwa wakidhani ni hali ya hewa, au ni vita. Fundi alisema si hewa wala si vita, ni Kamati.

Alifafanua hivi. Ndani ya mashine kuna kitu kinachopiga kama moyo, na kasi ya mapigo hayo ndiyo kasi ya kazi. Mashine hii ina mpango wa kubana umeme. Ikipita dakika kumi bila mtu kugusa kinanda, inaona mwenyewe ameondoka, basi inapunguza mapigo. Lakini phonie haijui habari hiyo. Inaendelea kuleta herufi kwa mwendo uleule, na herufi zinazoikuta mashine imelegea zinaanguka. Mashine haina njia nyingine ya kujua kama kuna mtu. Inatazama kinanda peke yake. Zamani Fundi alikuwa akigusa kitufe kisichodhuru, lakini sasa kinanda tumekifungia kufuli.

Fundi alisema: "Shiye tunakaa pale bantu sita, tunaitazama, hata kupumua tunaogopa. Yeye anaona hakuna muntu. Njo analala."

Mzee Kiza aliuliza nani aliyeweka mpango huo wa kubana umeme. Fundi alitazama dirishani. Katibu alifungua daftari na kusoma azimio la kikao cha tatu, ambapo Mwenyekiti huyuhuyu wa sasa alipendekeza mpango huo, Mzee Kiza akaunga mkono, na Kamati ikapiga makofi.

Fundi alimaliza kwa kusema dawa ni moja: kuzima mpango ule kabisa, mashine ibaki na mapigo yake yote hata kama haguswi. Ni kazi ya dakika mbili. Wakati huo ilikuwa saa nane na nusu.

KUMB. NA. 4/11/99: HOJA YA MAMA FADHILA

Mama Fadhila aliomba mpango uzimwe leo, kabla ya saa kumi. Alieleza kwamba wiki iliyopita mchuuzi mmoja wa samaki alitoka Malemba-Nkulu na kumwambia amemwona mwanawe Yakubu kwa macho yake pale parokiani, amekonda lakini anatembea, na kwamba jina lake limeandikwa kwa ajili ya kutumwa. Yakubu ana miaka kumi na saba. Alipotea na baiskeli yake mwezi wa kumi na moja, watu walipokimbia. Mchuuzi hakujua jina limetumwa tangu lini. Kwa hesabu ya mama mwenyewe limekwisha kutajwa mara mbili, na leo ni ya tatu.

Mwenyekiti alimpa pole na kusema Kamati iko pamoja naye. Aliongeza kwamba yeye pia ni mzazi, na kwamba habari za binti yake Agar alizipata kwa njia hii hii, Jumamosi ya kwanza kabisa.

Maneno ya Mama Fadhila yanaandikwa kama yalivyosemwa: "Papa Isaïe, weye uliita mutoto wako Agar, njo maana ulisikia habari yake siku ya kwanza. Minyi niliita wangu Yakubu. Kama ningejua vita itakuja pamoja na mashine, ningemuita Abasi."

Papa Kabongo alipendekeza kituo kiombwe kuanza na Z. Mwenyekiti alisema watu wa A nao ni watu. Papa Kabongo alipendekeza basi waanzie katikati. Aliulizwa katikati kuelekea wapi. Aliomba muda wa kufikiri, akapewa.

KUMB. NA. 5/11/99: MJADALA KUHUSU BATRI

Mwenyekiti alieleza kwamba hapingi, ila Kamati itafakari. Mashine na phonie zinakula kwenye batri mbili za kamyo, yaani za lori, na batri zinajazwa na sahani ya jua iliyo juu ya paa. Sasa ni masika, jua linaonekana kwa kuiba. Mashine ikiachwa kupiga moyo wake wote bila kupumzika, batri zitakwisha, na siku zikifa hatapata habari mtu wa A wala wa Z. Alisema kila kinachofanya kazi kina haki ya kupumzika. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba.

Mzee Kiza alijibu kwamba Mungu alimaliza kazi kwanza.

Fundi alisema tofauti ya umeme ni ndogo, na batri zimezidi mahitaji. Mzee Kiza aliuliza, kama batri zinaonewa huruma namna hiyo, ile taa inayowaka kila siku sebuleni kwa Mwenyekiti inatoka wapi. Mwenyekiti alijibu kwamba ile ni taa ndogo.

Palikuwa na maneno. Yaliyofaa kuandikwa ni haya: Mwenyekiti alisema wafanyabiashara wanajua kutumia ila hawajui kutunza. Mzee Kiza alisema walimu wanajua kutunza hata visivyo vyao. Papa Kabongo alianza kuimba pole pole ili watu watulie, akaombwa aache. Mama Fadhila alikuwa akitazama saa ya ukutani. Katibu pia.

Kura zilipigwa saa tisa na dakika tano. Walioafiki kuzima mpango: wanne. Waliopinga: hakuna. Mwenyekiti hakupiga, akasema mwenyekiti ni baba wa wote. Katibu hana kura, kwa mujibu wa katiba, ambayo aliipiga chapa yeye mwenyewe.

KUMB. NA. 6/11/99: NENO LA SIRI

Fundi aliamka kwenda kwenye mashine, akarudi na kusema mpango hauguswi bila neno la siri.

Ilielezwa kwa faida ya kumbukumbu kwamba Kamati ilipoanzishwa, Wamethodisti wenye shule hii waliogopa wafanyabiashara wataibadili mashine peke yao, na wafanyabiashara walikuwa na hofu hiyohiyo kwa upande wao. Mwenyekiti wa kwanza, marehemu Mwalimu Kyabu, alikata neno la siri vipande viwili. Nusu alimpa Papa Isaïe, nusu alimpa Mzee Kiza, kila mmoja kwa sikio, na akawakataza kuambiana. Utaratibu huo ulisifiwa na wote. Wakati ule mashine ilikuwa bado haina kazi.

Mwenyekiti alisema yuko tayari kuandika nusu yake, ambayo ni ya kwanza, kisha Mzee Kiza ataandika ya pili. Mzee Kiza alisema hapana, nusu ya kwanza iko kwake. Marehemu alimwambia hivyo kwa kinywa chake. Mwenyekiti alisema marehemu alimwambia yeye hivyohivyo, tena akamshika mkono.

Wajumbe walielewa alichofanya marehemu. Papa Kabongo alisema Mwalimu Kyabu alikuwa mtu wa amani.

Mwenyekiti alitoa hoja kwamba shule ndiyo iliyotoa chumba, kwa hiyo inatangulia. Mzee Kiza alitoa hoja kwamba mashine ilibebwa kutoka Lubumbashi siku tisa juu ya kamyo ya wafanyabiashara, chini ya magunia yake mwenyewe ya chumvi, na chumba bila mashine ni chumba. Mwenyekiti alisema kutangulia si jambo la kubeba mizigo. Mzee Kiza alimwomba arudie maneno hayo. Mwenyekiti aliyarudia.

Fundi Wenceslas alisema wajaribu namna zote mbili, itajulikana kwa nusu dakika. Wazee wote wawili walionekana kutokuwa na haraka ya kujua.

Saa kumi kasoro dakika ishirini Mama Fadhila aliinuka. Hakupaza sauti. Alimgeukia Mzee Kiza, si Mwenyekiti, na akasema: "Shemeji, Papa Isaïe hatuna naye damu, yeye simulaumu. Lakini weye? Yakubu iko mutoto wa ndugu yako. Ulimushika siku alizaliwa. Sasa iko kule kwa bantu, anangojea muntu moja amujibu, na weye unagombania nani ataandika mbele."

Mzee Kiza alisogeza kiti chake nyuma. Kisha alisema Mwenyekiti atangulie.

Wajumbe wote walihamia chumba cha mashine. Sanduku la kinanda lilifunguliwa. Mwenyekiti aliandika nusu yake huku Mzee Kiza akitazama ukuta, kisha Mzee Kiza aliandika yake huku Mwenyekiti akitazama ukuta. Katibu naye aliombwa ageuke, kwa hiyo sehemu hii imeandikwa kwa kusikia. Mashine ilikataa. Walirudia, Mzee Kiza akitangulia. Mashine ilikubali.

Mzee Kiza hakuomba lolote liandikwe, na Katibu alishangaa.

Fundi alitafuta mstari unaohusika, akabadili ndiyo kuwa hapana, akaiwasha mashine upya. Ilichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungua. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

KUMB. NA. 7/11/99: KUPOKEA ORODHA

Orodha ilianza saa kumi na dakika mbili. Sanduku la kinanda lilirudishwa na kufungwa. Wajumbe walisimama. Katibu alisoma kwa sauti kila jina lililotokea.

Dakika ya kumi ilipita. J ilikuja nzima. K ilikuja nzima, nayo ni ndefu sana katika nchi hii. M ilipoanza, Papa Kabongo alianza kulia, akasema hajaona M tangu Noeli. N ilikuja, na watu wake walikuwa wengi, na vijiji vyao, na majina ya mama zao. Walikuwepo siku zote hizi wakituita. Katibu anaandika hapa kwamba aliona haya.

P, R, S, T. Mama Fadhila alisogea akasimama nyuma ya Katibu, mkono begani mwake. Orodha ilitoka Wivine, wa Manono, ikaingia Yav, wa Sandoa. Katibu alisoma Yav mara mbili. Baada yake Yowa, Yumba, kisha Z. Yakubu hakuwemo.

Mzee Kiza alisema Mungu ni mkubwa, labda Jumamosi ijayo. Mwenyekiti alisema vilevile. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukubaliana leo.

Lakini mashine iliendelea kuandika. Baada ya Z kulikuwa na sehemu nyingine, ambayo Kamati ilikuwa haijapata kuiona kwa sababu siku zote inakuja mwisho. Kichwa chake kilikuwa hiki: WALIOTAJWA MARA TATU BILA JIBU, FAMILIA ZA KAMINA. Majina kumi na moja. Hakuna hata moja linaloanza na herufi iliyo kabla ya K.

La kumi na moja lilisomeka hivi: "Yakubu Ramazani, miaka 17, mama yake Fadhila, muuza vikwembe, soko kubwa la Kamina. Ametajwa 30/1, 6/2, 13/2. Hakuna jibu. Ameondoka Malemba-Nkulu 16/2 na kundi linaloelekea Zambia kwa miguu."

Mama Fadhila aliomba lisomwe tena. Lilisomwa tena. Alisema: "Soko wameandika vizuri." Kisha akakaa chini, sakafuni, ingawa viti vilikuwepo.

Fundi alituma jibu papo hapo kwa Lubumbashi, kwamba mama yupo, yuko hai, anamtaka mtoto wake arudishwe. Kituo kilijibu kwamba ujumbe umefika, ila kundi lile halina phonie, na njia waliyoshika haijulikani. Fundi aliuliza kama kuna mtu anayeweza kutumwa nyuma yao. Kituo hakikujibu hilo, kikaaga.

Mzee Kiza alivua kofia akaishika mikononi. Alianza kusema "Shemeji" mara mbili na hakuendelea.

Mama Fadhila alimuuliza Mwenyekiti, kwa adabu, zile batri ziko namna gani. Mwenyekiti alisema suala hilo liachwe kwa leo. Mama Fadhila aliuliza tena. Mwenyekiti alimwashiria Fundi apime. Fundi alipima ya kwanza, akapima ya pili, na akasema zimejaa.

KUMB. NA. 8/11/99: MAAZIMIO NA KUFUNGA

Kamati iliazimia: mpango wa kubana umeme ubaki umezimwa, neno la siri liandikwe zima na kubandikwa ukutani juu ya mashine, wazee wote wawili wakiridhia, familia kumi nyingine zitafutwe kuanzia leo jioni, nyumba kwa nyumba, nusu na Mwenyekiti na nusu na Mzee Kiza. Papa Kabongo aliuliza zitaambiwa nini. Hapakuwa na azimio.

Mzee Kiza alisema kesho alfajiri atatoa kamyo yake ya chumvi kushika njia ya kusini hadi itakapokwama, na Mama Fadhila atakaa mbele na dereva. Mwenyekiti alisema barabara ile haipitiki masika, na kuna askari. Mzee Kiza alisema anajua. Mwenyekiti alisema basi batri moja ichukuliwe kwa ajili ya taa za kamyo, kwa kuwa za kamyo ile ni mbovu. Fundi alianza kufungua nyaya.

Mwenyekiti aliombwa kufunga kwa sala. Alisimama, akafumba macho, akakaa. Kikao kilitawanyika saa kumi na moja na robo.

Maelezo ya Katibu: Kabla ya kutia sahihi, Mwenyekiti alirudisha karatasi hizi na kuomba neno la mwisho la KUMB. NA. 7, "zimejaa", liondolewe, kwa kuwa hali ya batri haikuwa kwenye ajenda. Katibu alimjibu kwamba tangu kikao cha tatu hatukuwa na ajenda nyingine. Mwenyekiti alisoma tena ukurasa ule akiwa amesimama, akaomba kalamu.

(Sahihi) Isaïe Mbuyu, Mwenyekiti
(Sahihi) Séphora Ilunga, Katibu